Maabara za utafiti hazinijibu: niahirishe mwaka nisubiri?

*Shikamoo. Nasoma uhandisi wa kompyuta, mwaka wa tatu kati ya minne, chuo kikuu cha umma Dodoma. GPA yangu ni 3.6. Ndoto yangu ni utafiti wa akili mnemba, hasa kwa lugha zetu. Tangu Machi nimetuma maombi ya mafunzo kwenye maabara za IBM, Google na Microsoft, Nairobi, Accra na hata Marekani. Hakuna aliyejibu. Wenzangu wanasema bila GPA ya 4.4 na bila makala iliyochapishwa hata hawakusomi. Wiki iliyopita mtu wa kundi la WhatsApp kaniambia kuna nafasi ya wiki 12 katika "kampuni ya utafiti wa teknolojia" Ulaya, nilipe 350,000 ya usajili kabla ya Ijumaa. Nyumbani nako mjomba amenitafutia nafasi kitengo cha TEHAMA halmashauri, ambako najua nitaishia kubadilisha wino wa printa. Chuo kinataka fildi ianze mwishoni mwa Julai. Nilipe? Niende halmashauri? Au niahirishe mwaka nisubiri nafasi ya kweli?*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lenye tarehe ya mwisho. Hiyo laki tatu na nusu usiilipe, na Ijumaa ikipita iache ipite. Maabara ya utafiti humlipa mwanafunzi, haimtozi. Hata zile zisizotoa posho hazina kiingilio. Mtu anayekupa wiki 12 za utafiti bila kukuuliza hata swali moja kuhusu unachokijua, bila jina la mtafiti atakayekusimamia wala mradi utakaoufanya, anatafuta pesa. Muombe vitu hivyo viwili, jina na mradi, kwa barua pepe inayotoka kwenye anwani ya kampuni yenyewe. Sitashangaa Ijumaa ikisogezwa hadi Jumatatu na bei ikashuka.

Zipo gharama za kweli katika safari za namna hii, na matapeli hujificha nyuma yake, kwa hiyo zijue. Anayetoka nje kwenda Marekani kwa mafunzo tarajali kwa kawaida hutumia viza ya J-1. Viza hiyo inahitaji fomu ya DS-2019, inayotolewa na taasisi yenye idhini ya serikali yao, na ada ya SEVIS, mfumo wa serikali yao wa kufuatilia wanafunzi na watarajali wa nje, ambayo kwa J-1 imekuwa dola 220. Ada ya serikali hulipwa serikalini, kwa utaratibu ulioandikwa wazi kwenye tovuti yao, tena baada ya wewe kukubaliwa. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Masharti ya viza za Marekani kwa nchi zetu nayo hubadilika, kwa hiyo taarifa ya ubalozi ya wiki hiyo ndiyo ya kuamini, si ya kaka aliyekwenda miaka mitatu iliyopita.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Umeuliza mambo matatu, ila nikikusoma naona linalokunyima usingizi ni la nne, ambalo hukuliandika: je, ukimya huu maana yake sifai? Sioni hivyo. Umebisha kwenye mlango ambao kwa sehemu kubwa haukuwekwa kwa ajili ya wanafunzi wa ngazi yako, tena mwezi ambao hata milango inayokufaa mingi ilikuwa imefungwa. Wenzako nao wamekupa sababu mbili, GPA na makala, na zote mbili zina ukweli kidogo uliokaa mahali pasipo pake.

Wengi wanadhani maabara ya utafiti ina ofisi ya rasilimali watu yenye viti kadhaa vya wanafunzi, na kila mwaka wanaitwa wenye alama za juu mpaka viti vijae. Mashirika mengi ya kawaida huchukua wanafunzi wa fildi hivyo, ndiyo maana ni rahisi kufikiri hivyo. Nafasi ya utafiti huzaliwa kwingine. Mtafiti mmoja, mwenye mradi wake na bajeti yake ndogo, anaandika ombi kwa wakubwa wake: nina swali hili, sehemu yake moja inaweza kukamilika ndani ya wiki 12, naomba mwanafunzi mmoja. Ombi likipita, nafasi inatangazwa. Ofisi ya rasilimali watu huangalia tu kama unastahili kisheria: bado ni mwanafunzi, umri umetimia, tarehe zinaingiliana. Baada ya hapo maombi yanafika kwa yule mtafiti, naye anayasoma akiwa na swali moja tu kichwani: huyu anaweza kumaliza sehemu yangu ile?

Ukilielewa hilo, utaona kwa nini barua inayosema "nina shauku kubwa ya akili mnemba na niko tayari kujifunza" haijibiwi. Haina kosa, ila hailijibu swali lake.

Nikueleze hizo wiki 12 zinavyokwenda kwa kawaida, maana hapo ndipo siri yote ilipo. Wiki ya kwanza inaliwa na mambo ya kuingia: kompyuta, ruhusa za kufikia data, kozi za usalama, mikataba. Ya pili na ya tatu unarudia matokeo ya mtu mwingine ili kuhakikisha msingi uko sawa, na mara nyingi sana namba zako hazifanani na zilizochapishwa, unabaki kutafuta kwa nini. Wiki ya nne mnajua kama swali lilivyoandikwa linafanyika au la. Miradi mingi hubadilika sura hapo. Kuanzia ya tano hadi ya tisa ni majaribio. Ya kumi unaambiwa uache kuongeza vitu vipya, hata kama una wazo tamu kuliko yote. Ya kumi na moja unaandika. Ya kumi na mbili unawasilisha mbele ya watu, unakabidhi programu zako na kurudisha kompyuta. Ukihesabu, muda wa utafiti halisi ni kama wiki tano au sita. Mwanafunzi anayehitaji wiki sita ili kujifunza kutumia zana hana mradi. Wiki zake zote zimeishia kwenye zana.

Ndiyo maana nafasi nyingi katika maabara kama Microsoft Research hulenga wanafunzi wa uzamivu. Hawadharau shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa uzamivu anafika akiwa ameshaishi na tatizo lile mwaka mmoja au miwili, kwa hiyo hizo wiki sita anazipata nzima. Na makala iliyochapishwa, ambayo wenzako wanaiona kama tiketi, kwa mtafiti ni ushahidi tu kwamba uliwahi kuanza kitu kigumu ukakimaliza. Ushahidi huo unaweza kuutoa kwa njia nyingine, nitakuonyesha.

GPA nayo ni kizingiti cha kuruka tu. Kwa mfumo wetu, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili juu, na 3.6 yako imo. Programu chache zitakukata kwa hiyo, hasa zile za vyuo vikuu vya nje zinazochagua kwa alama. Mtafiti mmoja mmoja akiona daraja hilo anaendelea kusoma. Ataangalia zaidi ulipata nini kwenye takwimu na aljebra mstari kuliko jumla. Kama ulipata C kwenye takwimu na unataka akili mnemba, hiyo C ndiyo ya kushughulikia, wala usihangaike na tofauti ya 3.6 na 4.4.

Wapo wa shahada ya kwanza waliopenya. Aidan Gomez alikuwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Toronto alipokuwa mtarajali Google Brain, kitengo cha Google cha utafiti wa akili mnemba, na jina lake ni mojawapo ya manane kwenye makala ya 2017 iliyoleta muundo wa Transformer, ambao ndio msingi wa hizi programu za mazungumzo unazotumia leo. Huko nyuma zaidi, Bell Labs, maabara ya utafiti ya New Jersey, Marekani, iliyotoa transista mwaka 1947 na mfumo endeshi wa Unix mwaka 1969, ilianzisha mwaka 1974 mpango wa kiangazi kwa wanawake na vijana wa jamii zilizokuwa zikiachwa nyuma, wakiwa bado shahada ya kwanza. Nakutajia haya usije ukafunga mlango mwenyewe. Lakini usipange maisha yako kwa mfano wa Gomez.

Kuna mkanganyiko mwingine nauona kwenye orodha yako. Jina la kampuni moja huficha nyumba mbili. IBM ilifungua maabara yake ya utafiti Nairobi mwaka 2013, ndani ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, na ya Johannesburg mwaka 2016. Google ilifungua ya Accra mwaka 2019. Hizo ni nyumba za utafiti, na ni ndogo. Microsoft Nairobi mwaka huohuo wa 2019 ilifungua kituo cha uhandisi, Africa Development Centre, ambacho kazi yake ni kujenga bidhaa. Utafiti wao uko kwenye kitengo tofauti. Mafunzo ya uhandisi wa bidhaa huchukua sana wanafunzi wa shahada ya kwanza, husailiwa kwa maswali ya kuandika programu, na yana ofisi ya kuajiri hasa. Ukituma barua ya "nataka utafiti wa lugha" kwa watu wa bidhaa, na barua ya "najua Java na ninajituma" kwa watafiti, utakosa kote. Mimi ningekuwa wewe ningeomba na uhandisi wa bidhaa pia, bila aibu. Mtafiti anayejua kuandika programu zisizovunjika ni adimu.

Kuhusu muda: nafasi za Juni katika nchi za kaskazini hutangazwa kuanzia Septemba na nyingi huwa zimejaa kufikia Januari au Februari. Wewe ulianza Machi. Isitoshe kiangazi chao huanza Juni na wewe bado uko kwenye mitihani, kwa hiyo andika tarehe unazopatikana mstari wa pili kabisa wa barua. Ukiambiwa uanze mwanzo wa Juni na huwezi, bora wajue mapema. Baadhi wanaweza kusogeza, wengine hawawezi.

Sasa ushahidi. Umesema unapenda lugha zetu. Vizuri, lakini "lugha zetu" ni uwanja mpana, mtafiti hawezi kukushika popote. Chukua kitu kidogo ambacho unaweza kukimaliza kwa kompyuta yako. Mfano mmoja, na uko huru kuuchukua: namba za simu. Sikiliza watu wa kituo cha bodaboda wakitajiana namba. Mmoja anasema "sifuri saba tano nne". Mwingine anasema "sifuri saba hamsini na nne, mia mbili kumi". Wa tatu anachanganya, "ziro saba tano, dabo siksi". Programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi iliyofunzwa kwa usomaji wa taarifa ya habari inafanyaje hapo? Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ilitoa bure programu ya aina hiyo, Whisper, na Kiswahili kimo. Chukua toleo lake dogo. Andaa namba za kubuni, zisizo za mtu, waombe watu thelathini au arobaini wazitamke kila mmoja kwa namna yake, baadhi chumbani na baadhi pale kituoni kelele zikiwepo. Pima ni tarakimu ngapi kati ya mia zinakosewa, kwa kila namna ya kutamka, kwa kila mazingira. Kisha sikiliza makosa yenyewe moja baada ya jingine na uyapange: hapa imeruka tarakimu, hapa imegeuza "saba" kuwa neno jingine, hapa imeandika hamsini na nne kwa maneno badala ya 54, jambo ambalo pengine si kosa la masikio bali la uandishi, na litakulazimu uamue utalihesabu vipi.

Uamuzi huo wa mwisho, na sababu uliyoiandika ya kuuchukua, ndio mtafiti atakaousoma mara mbili. Namba ya makosa yeyote anaweza kuitoa.

Kabla ya kumrekodi mtu yeyote, chukua ridhaa yake kwa maandishi na umweleze sauti itakaa wapi na itafutwa lini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yao ya 2019, na sauti ya mtu ni taarifa yake. Zaidi ya sheria, maabara zinaliangalia jambo hili kwa jicho kali. Mwanafunzi aliyeshughulikia ridhaa vizuri bila kuambiwa ameshawapunguzia wasiwasi mmoja. Kompyuta yako ikiwa dhaifu, Kaggle na Google Colab hutoa muda wa bure kwenye kompyuta zenye kadi za michoro, na kazi ya ukubwa huu inaingia humo. Weka programu, maelezo na matokeo GitHub, tovuti ambako watu huweka programu zao zionekane, pamoja na ukurasa mmoja unaosema nini hakikufanya kazi. Hiyo ndiyo makala yako kwa sasa.

Ukishakuwa nayo, barua inabadilika yenyewe. Itakuwa ya Kiingereza kwa sababu ndiyo lugha ya kazi huko, isizidi mistari kumi na miwili, na iende kwa mtafiti mmoja ambaye kazi yake umeisoma kweli. Mstari wa kwanza unasema: nilisoma kazi yenu kuhusu utambuzi wa sauti, nikaijaribu kwenye namba za simu za Kiswahili, na toleo dogo linakosea zaidi watu wanapotamka kwa makundi ya tarakimu kuliko wanapotamka mojamoja. Hayo matokeo nayatunga hapa kwa mfano tu. Yako utayapata ukipima. Mstari wa pili tarehe zako. Wa tatu kiungo cha GitHub. Kisha ombi dogo: kama mnategemea kuchukua mtarajali mwaka ujao, ningeshukuru kujua lini na kwa njia gani niombe. Usimwombe nafasi moja kwa moja, huenda hana mamlaka nayo mwezi huo. Ila kukuelekeza anaweza, na ukiomba rasmi jina lako atalikumbuka. Usiambatanishe vyeti vya kidato cha nne. Na asipojibu, mkumbushe mara moja baada ya wiki mbili, kisha uende kwa mwingine.

Ipo milango ambayo kwa ngazi yako iko wazi zaidi kuliko maabara za kampuni, na nashangaa kwenye orodha yako hakuna hata mmoja. CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Geneva, kina programu ya openlab ambayo huchukua wanafunzi wa kompyuta wa shahada ya kwanza na uzamili kwa wiki tisa za kiangazi, na huifanya pamoja na kampuni za teknolojia. EPFL, chuo kikuu cha teknolojia cha Uswisi, kina Summer@EPFL kwa wanafunzi wa kompyuta. OIST, taasisi ya sayansi na teknolojia ya Okinawa, Japani, hupokea watarajali wa utafiti kutoka nchi yoyote, na kiangazi si lazima. Google Summer of Code, mpango wa kuchangia programu huria ulioanza 2005, si utafiti hasa, lakini unafanya kazi ukiwa Dodoma, unalipwa kwa kiwango cha nchi yako, na tangu 2022 hata kuwa mwanafunzi si sharti. Outreachy, nayo ya programu huria, hufanyika kwa mtandao, miezi mitatu, na hulipa dola 7,000. Kila moja ina tarehe zake za kufunga, nyingi kati ya Oktoba na Aprili; zifungue moja moja na uziandike kwenye kalenda.

Halafu kuna za karibu, ambazo vijana wengi huziruka kwa sababu hazina nembo inayovutia kwenye LinkedIn. Chuo Kikuu cha Dodoma ni mwenyeji wa maabara ya utafiti wa akili mnemba ya AI4D, na wewe uko Dodoma. Makerere, Kampala, wana maabara ya akili mnemba iliyofanya kazi ya kutambua magonjwa ya mihogo kwa picha za simu. Arusha kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Masakhane ni jumuiya ya watafiti wa lugha za Afrika inayofanya kazi mtandaoni, na mchango wa mwanafunzi unapokelewa kama wa yeyote. Deep Learning Indaba, mkutano wa watu wa akili mnemba wa Afrika ulioanza Afrika Kusini 2017 na kufika Nairobi 2019, ni mahali ambapo watu hao unaowaandikia wanakaa meza moja na wanafunzi wakati wa chai. Ukiniuliza mimi, fildi ya wiki nane kwenye maabara ya chuo cha hapa, chini ya mhadhiri atakayekuandikia barua ya mapendekezo yenye mambo halisi, ina uzito kuliko kusubiri Accra. Barua ya mapendekezo inayosema "ni mwanafunzi mwenye nidhamu na huhudhuria vipindi" haimsaidii mtu. Ile inayosema "aligundua data yetu ilikuwa na rekodi zilizojirudia na akazisafisha bila kuambiwa" inasaidia sana.

Kwa hiyo jaribu hiyo kwanza, wiki hii, kwa miguu. Nenda ofisini kwa mhadhiri, usimtumie ujumbe. Ukikosa, nenda halmashauri kwa mjomba, na usiende kwa unyonge. Kweli utabadilisha wino. Lakini halmashauri zinakusanya mapato kwa mashine za POS, zinapokea malalamiko ya wananchi kwa maandishi ya Kiswahili cha kila namna, zina mifumo inayokatika katikati ya siku na watu wanaorudi kwenye vitabu vya risiti. Siku ya kwanza muombe mkuu wa kitengo akupe, mbali na kazi za kila siku, tatizo moja la kwako la kushughulikia hadi mwisho. Wengi hukubali, maana mwanafunzi anayeomba kazi ni nadra. Data ya wananchi usiitoe nje, hata kwa flashi, hata ukiwa na nia njema. Kama unaitaka kwa mradi, omba kibali kwa maandishi na ukikataliwa yaishe. Na msimamizi wako asaini logibuku kila wiki. Kusubiri wiki ya mwisho ndiko kunakowafanya watu wakimbizane na saini hadi Oktoba.

Kuahirisha mwaka sikushauri. Nitakupa kwanza hoja inayokuunga mkono, kwa sababu ipo: programu nyingi zinataka mtu ambaye baada ya mafunzo atarudi darasani, na ukiomba Septemba hii kwa ajili ya Juni ijayo utakuwa unamaliza mwaka wa nne. Kwa hizo utakuwa umechelewa. Lakini si zote. Viza ya J-1 ya utarajali inamruhusu hata aliyehitimu ndani ya miezi 12 iliyopita, Google Summer of Code haijali, OIST hupokea waliohitimu karibuni, na ukiingia shahada ya uzamili mlango unafunguka upya, tena ukiwa na nguvu zaidi. Upande wa pili, kuahirisha bila nafasi mkononi kunagusa mkopo wako kama uko Bodi ya Mikopo, kunagusa chumba, na kunakuacha mwaka mzima nje ya mazingira ambamo ungekutana na wahadhiri na kompyuta. Ingekuwa una barua ya kukubaliwa, yenye tarehe na posho, ningekwambia kaa na mkuu wa idara mzungumze. Kuahirisha kwa ajili ya tumaini tu ni gharama kubwa mno.

Ukifika siku ya kupata nafasi yenyewe, mambo mawili yasikupite. Mkataba utakuwa na kifungu cha usiri na kingine kinachosema utakachobuni kazini ni mali ya kampuni, pamoja na hataza ikitokea. Ni kawaida, usiogope. Ila mradi wako wa mwaka wa nne ukifanana na kazi ya maabara, uulize kabla ya kusaini, kwa maandishi, ni sehemu gani unaweza kuitumia chuoni. Na kama una kazi yako ya awali, kama ile ya namba za simu, ioneshe kwenye mkataba kuwa ulikuja nayo. Jambo la pili ni kibali. Mtanzania anavuka Namanga bila viza, lakini kuingia kama mgeni si ruhusa ya kufanya kazi wala mafunzo Kenya. Kwa kawaida taasisi inayokupokea ndiyo inayoanzisha maombi ya kibali. Wasipolitaja, wewe litaje.

Kuna sehemu ya haya ambayo sitaweza kukusaidia kwa maandishi. Mkataba ukiwa na kifungu kinachokuzuia kufanya kazi kwingine baada ya mafunzo, au kinachokutaka uweke dhamana ya pesa, mpelekee mwanasheria au kitengo cha msaada wa kisheria cha chuo auone kwa macho yake. Suala la fildi kukubalika au kutokubalika liko mikononi mwa mratibu wa mafunzo kwa vitendo wa kitivo chako. Nenda na maelezo ya mradi yaliyochapwa, ukurasa mmoja, maana wanaokataa nafasi za utafiti mara nyingi hukataa kwa sababu hawakuoneshwa kazi ya mikono itakayofanyika. Yule wa WhatsApp, kama umeshamtumia chochote, hata kidogo, nenda polisi na ujumbe wote ukiwa kwenye simu, usiufute. Na kama hujatuma, namba yake iripoti kwa ujumbe kwenda 15040 ili isimfikie mwenzako. Kama ulimpa picha ya pasipoti au kitambulisho cha NIDA, waambie polisi hilo pia, hata kama hakuna pesa iliyotoka.